Mtoto Wenu Anataka Kuwa Mpiga Picha: Kikundi Kifanye Nini?



Somo la toleo hili limetokana na swali ambalo nimeulizwa na vikundi vitatu katika muda wa mwaka mmoja. Kijana wa mwanachama, au mwanachama mwenyewe, anaomba mkopo wa kununua kamera. Mweka hazina anakuna kichwa. Ombi la ng'ombe wa maziwa analielewa, la cherehani analielewa, hata la pikipiki. Lakini kamera? Mzee mmoja alisimama mkutanoni akaniuliza, "Mwalimu, hiyo ni kazi ama ni mchezo wa vijana wa mjini?"

Sitaki kumjibu mzee wetu kwa neno moja, kwa sababu niliwahi kujibu kwa neno moja na watu wakaumia. Wacha nieleze.

Mwaka 2012 kikundi kimoja cha akina mama kiliniita nitoe maoni juu ya ombi kama hilo. Kijana alikuwa amemaliza kidato cha nne, mwenye adabu, mwimbaji wa kwaya. Aliomba shilingi 45,000. Mama yake alimdhamini kwa ng'ombe wake mmoja. Mimi nikasema vijana lazima tuwaunge mkono. Tukapiga makofi, nikatia sahihi, tukanywa chai. Sikumuuliza hata swali moja juu ya wateja. Kamera ilinunuliwa Nairobi, nzuri sana, na mkoba wake. Ikapiga arusi mbili mwezi wa Agosti na moja Desemba. Halafu Januari ikaja na karo za shule, watu hawana pesa. Halafu Kwaresima, arusi hakuna. Riba haikungoja Pasaka. Kufikia mwezi wa sita ng'ombe aliuzwa. Yule mama hakuniambia neno baya hata siku moja, ila aliacha kuja mikutanoni. Nikipita njia ile hadi leo naona lile boma la ng'ombe, na sasa limeota majani.

Kamera haikuwa na kasoro, na kijana hakuwa mvivu. Makosa yalikuwa yetu sisi tuliotia sahihi. Tulidhani mtu akipata kamera amekuwa mpiga picha, kama vile mtu akipata jembe amekuwa mkulima. (Na hata hilo la jembe si kweli, nyinyi mnajua kuniliko.) Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza habari za wapiga picha wa Afrika waliofika mbali: walianzia wapi, nani aliwafundisha, walikula nini kabla ya kujulikana. Hakuna wawili walioingia kwa mlango mmoja. Lakini kamera nzuri haikuwa mlango wa yeyote kati yao.

SEREMALA WA BAMAKO

Tuanze na Seydou Keïta wa nchi ya Mali. Alizaliwa Bamako karibu mwaka 1921. Kazi ya ukoo wao ilikuwa useremala, naye alijifunza kutengeneza viti na meza. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo, Kodak Brownie, akampa. Ilikuwa kamera ya bei nafuu. Kijana akaanza kupiga picha jamaa na majirani, na mwanzoni nyingi ziliharibika. Hakuacha useremala. Alikwenda kwa watu waliojua kazi, akiwemo mwalimu mmoja wa shule, Mountaga Dembélé, wakamwonyesha jinsi ya kusafisha filamu na kutoa picha. Studio yake mwenyewe aliifungua mwaka 1948.

Hesabuni wenyewe: kutoka 1935 hadi 1948 ni miaka 13. Miaka hiyo yote seremala alikuwa anakula kwa randa na msumeno huku anajifunza.

Sasa angalieni alipofungua. Ilikuwa nyumbani kwao, mtaa ulio karibu na stesheni ya reli. Mtu aliyeshuka kwenye treni kutoka mbali alitaka kuwatumia wa nyumbani picha aonekane amefika mjini. Keïta alipigia picha uani, kwa mwanga wa jua, maana mwanga wa jua haulipiwi. Nyuma ya mteja alitundika kitambaa cha maua; cha kwanza kilikuwa shuka lake la kitandani. Aliweka saa za mkono, kalamu, redio, hata suti, ili mteja ambaye hana aazime kwa dakika chache. Filamu ilikuwa ghali, kwa hivyo alikuwa na desturi ya kumpiga mteja mara moja tu. Alimpanga vizuri, akamgeuza uso kidogo, akaweka mkono mahali pake, ndipo akabonyeza. Nyuma ya picha alipiga mhuri wa jina lake.

Baada ya uhuru wa Mali mwaka 1960, serikali ilimchukua kuwa mpiga picha wake na studio ikafungwa. Alistaafu mwaka 1977. Dunia ilikuja kumjua baadaye sana. Maonyesho makubwa ya picha zake yalifanyika Paris mwaka 1994, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Alifariki mwaka 2001. Vijana wetu hupenda kusikia hiyo sehemu ya Paris. Mimi hupenda kuwarudisha pale stesheni. Paris haikulisha familia yake alipokuwa kijana. Waliomlisha ni wale abiria, mmoja mmoja, na akiba ya maelfu ya filamu zilizosafishwa ambazo hakuzitupa ndiyo iliyomfikisha Paris. Angezitupa, hakuna ambaye angemkumbuka.

ALIYEKWENDA KWA BAISKELI

Bamako hiyo hiyo alikuwako mwingine, Malick Sidibé. Huyu alizaliwa kijijini, Soloba, akachunga mifugo utotoni. Alijua kuchora, na mchoro ukampeleka shule ya mafundi Bamako, akasomea usonara. Mwaka 1955 Mfaransa mmoja mwenye duka la picha alimtafuta apambe duka lake. Sidibé akapamba, akabaki hapo kama mfanyakazi, akawa anatazama. Mwenye duka alichukua sherehe za Wazungu, naye Sidibé akachukua za Waafrika. Mwaka uliofuata akajinunulia kamera ndogo.

Hebu akina mama mnaouza mboga mnisikilize hapa, kwa sababu biashara yake mtaielewa kuliko mimi. Sidibé hakukaa dukani akingoja mteja. Jumamosi usiku vijana wa Bamako walikuwa na dansi, vikundi vingi kwa usiku mmoja. Alipanda baiskeli akaenda dansi hii, akaenda ile, akarudi alfajiri akasafisha filamu zake. Kisha alitoa picha ndogo ndogo, akazibandika zote kwenye karatasi, akazitundika nje ya studio. Vijana walipita kujitafuta. "Huyu ni mimi! Nitolee hii na ile." Aliyetaka alilipa, akatolewa picha kubwa. Kwa njia hiyo Sidibé hakutoa picha kubwa ambayo hakuna mtu ameiagiza. Tena alikuwa anatengeneza kamera mbovu za watu wengine, na hiyo ilikuwa kazi ya siku ambazo hakuna dansi. Mwaka 2007 huko Venice, Italia, alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake, Mwafrika wa kwanza kuipata. Alifariki mwaka 2016, na studio ilikuwa mtaani pale pale.

BINTI NA BABAKE

Mtu asidhani hii ni kazi ya wanaume. Huko Ghana, Felicia Abban alifundishwa na baba yake, ambaye alikuwa na studio. Alianza akiwa msichana wa miaka 14. Alipoolewa akahamia Accra, na katikati ya miaka ya 1950 akafungua studio yake mwenyewe katika mtaa wa Jamestown. Alikuwa na ujanja mmoja mzuri. Kila alipovaa kwenda sherehe, alijipiga picha mwenyewe kwanza. Picha hizo zikawa tangazo: mwanamke akiziona anasema, nataka nitokee kama huyu. Alifanya pia kazi ya kupiga picha wakati wa utawala wa Kwame Nkrumah. Picha zile alizojipiga zilionyeshwa Venice mwaka 2019, akiwa bibi mzee. Alifariki mwaka 2024.

Hapa kwetu binti akisema anataka kubeba kamera, wako wazazi wanaouliza nani atamwoa. Baba yake Felicia alimpa kazi mkononi kabla swali hilo halijaulizwa.

MTOTO WA NAIROBI

Wakenya wengi wanalijua jina la Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli, na familia ikahamia Dar es Salaam. Alipata kamera ya kwanza akiwa mtoto wa shule, kamera ya mkono wa pili, na akaanza kuuzia magazeti picha kabla hajamaliza masomo. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix. Njia yake ilikuwa ya habari. Mpiga picha wa habari hangoji mteja aje na nguo nzuri. Anakimbilia kule ambako wengine wanakimbia kutoka.

Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1984, kwa maana ukame ulitupiga hapa pia. Oktoba ya mwaka huo Amin alikwenda Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, na sinema aliyoipiga ya watu wanaokufa njaa ilionyeshwa duniani kote. Misaada ilimiminika, mwaka uliofuata wanamuziki walifanya tamasha kubwa la Live Aid kuchangia. Wengi waliokula chakula cha msaada hawakujua kuna mtu alikuwa amesimama na kamera.

Lakini tusiwafiche vijana gharama yake. Mwaka 1966 alifungwa Zanzibar karibu mwezi mzima. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto, na mwenzake aliyekuwa akishika chombo cha sauti, John Mathai, akafa. Amin akarudi kazini na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa ndani ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ikaanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro, akafariki. Kampuni na akiba ya picha zake ziliendelezwa na mwanawe Salim.

Boniface Mwangi, ambaye utotoni aliuza vitabu barabarani na mama yake, alivutiwa na habari za Amin, akasomea, akaajiriwa na gazeti. Picha zake za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilizungushwa mijini katika maonyesho ya Picha Mtaani ili watu wazitazame na kuzungumza.

LIKONI

Nimeacha karibu mwisho wale ambao hawana tuzo. Katika miaka ya 1990, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, palikuwa na safu ya vibanda vya wapiga picha. Wengi wao walikuwa watu wa bara, na kabla ya hapo walikuwa wakizunguka na kamera shingoni. Walichagua kivukoni kwa sababu feri haikosi watu, na mtu anayengoja feri hana haraka. Walichora mandhari kwenye ukuta wa nyuma, meli, ndege, majumba, wakapamba kwa karatasi za kumeta. Mfanyakazi wa hoteli mwenye mshahara mdogo alipigwa picha yuko kando ya ndege akaituma nyumbani. Ilikuwa akili ile ile ya Keïta, na wala hawakuwa wamemsikia.

Agosti 1997 ghasia za kikabila zikavamia Likoni na watu wa bara wakakimbia, wapiga picha miongoni mwao. Kwa hivyo mahali pazuri pa biashara panaweza kuondolewa chini ya miguu yako kwa usiku mmoja, bila kosa lako. Kikundi kinapokopesha lazima kijue hilo pia.

MZEE WA BAHASHA

Katika parokia yetu kuna mzee aliyefanya kazi hii kwa baiskeli tangu miaka ya 1980. Niliketi naye nikamwuliza alipataje hasara. Alicheka akaingia ndani, akatoka na katoni ya bahasha. Zote zilikuwa picha ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua.

"Madam," akasema, "hii ndiyo benki yangu, na haina mlango."

Filamu ya picha 36 ilinunuliwa kwa pesa yake. Ilibidi ingoje iishe, pengine wiki tatu, ndipo aipeleke mjini kusafishwa, alipe studio, alipe nauli. Akirudi, bwana arusi amerudi kazini Nairobi na bibi arusi hana pesa. Aliumia hivyo miaka minne. Kisha akaanza kudai nusu ya pesa kabla ya kubonyeza, hata kwa katekista, hata kwa shemeji yake. Watu walinung'unika msimu mmoja, wakazoea. Alisomesha watoto watano. Nilitamani ningekutana na katoni ile kabla ya mwaka 2012.

NA SIMU JE?

Mtasema, siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera, mpiga picha ni wa nini? Ni kweli picha nyingi ndogo zimekufa. Kuna kazi ambazo simu haijazimaliza. Msiba ukitokea, familia ina picha moja ya marehemu, imekunjika, ama iko kwenye simu iliyovunjika kioo. Wanataka picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza na ya kitabu cha mazishi, na wanaitaka kabla ya Ijumaa. Shule inataka picha ya darasa iliyochapwa. Mama anataka picha ya ubatizo ukutani, si ndani ya simu ambayo kesho itaibwa. Nionavyo mimi, kijijini fedha sasa iko kwenye kuchapa na kutengeneza picha za zamani kuliko kwenye kubonyeza.

Tena kuna sheria. Tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data, na picha ya mtu ni data yake. Kijana akitumia picha ya mtu kutangaza biashara bila ruhusa anaweza kushtakiwa, na kwa mtoto ruhusa ni ya mzazi. Ruhusa iandikwe.

KIKUNDI KIULIZE NINI

Mwaka 2018 kikundi kingine kiliniita, safari hii juu ya binti. Sikutia sahihi siku hiyo. Tulimuuliza nani anamfundisha. Akasema amekaa miezi minane kwenye studio ya sokoni, anafagia, anakata picha, na jioni mwenye studio anamruhusu kushika kompyuta. Tukamuuliza mwezi wa pili na wa tatu atalipa kwa kazi gani. Alifikiri, akaomba wiki moja. Akarudi na orodha ya shule nne za msingi ambazo alikuwa amekwenda kuongea na walimu wakuu, kwa miguu. Tukamuuliza anataka kamera gani. Akasema hataki kamera, ataazima ya mwenye studio kwa malipo, anataka printa. Kikundi kikampa shilingi 14,000 kwa rejesho dogo la kila mwezi, na likawekwa dogo zaidi Januari na wakati wa Kwaresima.

Alilipa vizuri hadi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Mapato ya shule yakakatika yote. Wanachama wengine walitaka printa ichukuliwe. Waliketi, wakabishana saa mbili, wakaamua kusimamisha rejesho mpaka shule zifunguliwe. Miezi ile aliishi kwa picha za mazishi, jambo ambalo lilimsumbua moyo, alikuja kuongea nami juu yake. Alimaliza mkopo mwaka 2021. Si tajiri. Kamera yake mwenyewe, ya mkono wa pili, aliinunua mwaka 2022 kwa pesa zake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Someni habari hizi kwa sauti, kisha mjadili mkiwa wachache wachache, wazee na vijana mchanganyiko.

Katika eneo letu, ni wapi watu hukusanyika na kungoja, kama stesheni ya Keïta ama feri ya Likoni? Je, kuna mtu tayari anafanya kazi ya picha hapo, na anaweza kumchukua kijana wetu kama mwanafunzi?

Mzee wa bahasha alidai nusu kwanza hata kwa shemeji. Katika biashara za wanachama wetu, ni nani tunaowakopesha kwa aibu?

Sheria zetu za mkopo zinasema nini juu ya miezi isiyo na mapato? Kama hazisemi kitu, andikeni pendekezo moja mlilete kwenye mkutano wa parokia.

Mdhamini akishindwa, kikundi kitamfuataje ili asikae peke yake na hasara?

Swali hili la mwisho ninawaomba mlikalie muda mrefu. Kile kikundi cha mwaka 2012 kimeniita tena mwezi ujao. Kuna ombi la kijana mwingine, anataka mashine ya kuchomelea vyuma. Nimemtumia yule mama ujumbe nikimwomba aje siku hiyo, akae mbele pamoja nasi, na yeye ndiye aulize maswali ya kwanza. Bado hajanijibu.